Mbolea Inayopaa Jarubani

Wageni wanaofika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, huja kutazama tembe alimokaa David Livingstone hadi alipoondoka Agosti 1872. Njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, na Waarabu na Waswahili waliofanya makao hapa walilima mpunga kwa ajili ya chakula chao, wakati Wanyamwezi wengi walikula mtama. Siku hizi, katika wilaya za Igunga, Nzega hata Uyui, mwenye kipande cha bondeni huchimba majaruba, na mpunga ndio unaomlipia mengi.

Mvua ya Tabora huja msimu mmoja tu, Novemba hadi Aprili, takriban milimita 900 kwa mwaka wa kawaida. Nyingi, lakini haigawanyiki sawasawa. Wiki inafurika, wiki mbili zinakauka. Kinachouokoa mpunga ni udongo. Juu ya mteremko kuna kichanga, mahali pa tumbaku na karanga. Chini kabisa kuna mbuga nyeusi. Katikati upo udongo ambao majirani Wasukuma huuita itogolo, wenye tabaka gumu chini ya kichanga lisilopitisha maji upesi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, Usambara, aliueleza mpangilio wa namna hii katika miaka ya 1930, na hadi leo unafundishwa vyuoni duniani kote. Mkulima akiinua kingo kuzunguka itogolo, maji yanayoteremka kutoka juu yanatulia kwake.

Maji yakishatulia, mtu huona kazi imebaki kumwaga urea. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, na inaniuma kwa sababu mfuko wa mbolea ni mzigo mzito kwa familia ya kijijini.

Tazama jaruba saa saba mchana, jua likiwa kali. Maji ni ya uvuguvugu, na juu yake umetanda ukijani wa mwani. Mwani huo unajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na kwa kufanya hivyo unafyonza kaboni dayoksaidi iliyomo majini. Uchachu wa maji unapungua. Urea iliyomwagwa humo hugeuka kuwa amonia, na maji yakishapoteza uchachu, amonia hupaa na kwenda zake na upepo. Mkulima haoni kitu. Anakuja kushangaa baadaye, majani yakibaki na rangi ya njano.

Njia ya pili ya upotevu iko chini ya matope. Udongo uliojaa maji hauna oksijeni, na humo naitrojeni hushikwa na udongo ikisubiri mizizi. Jaruba likikauka, oksijeni huingia na vijidudu huigeuza naitrojeni hiyo kuwa naitreti. Mvua ikirudi, vijidudu vingine, vikikosa oksijeni, huivunja naitreti, na naitrojeni hutoka kama gesi. Kila duru ya kukauka na kufurika inakula sehemu ya mbolea.

Kwa sababu hiyo nina shaka na wanaohimiza kilimo shadidi Tabora bila kukirekebisha. Mfumo huo ulianzia Madagascar katika miaka ya 1980 kwa juhudi za padri Henri de Laulanié: mche mmoja mmoja wa siku 8 hadi 12, nafasi ya sentimita 25, shamba likiloweshwa na kukaushwa kwa zamu. Mkindo, mkoani Morogoro, umejaribiwa kwa ushirikiano na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, lakini Mkindo kuna mfereji. Mwenye mfereji hufungua na kufunga apendavyo. Anayengoja wingu hawezi kuamuru siku ya kukausha, na mche wa siku kumi unaweza kuzama kwa mvua ya usiku mmoja. Achukue mistari na nafasi, maji ayatunze.

Utafiti uliofanyika Usukumani katika miaka ya 1990, kwenye majaruba ya mvua kama haya, ulionyesha kuwa kilo 30 tu za naitrojeni kwa hekta, zikitolewa kama urea mpunga unapotoa machipukizi, huongeza mavuno vizuri. Hiyo ni karibu kilo 26 za urea kwa ekari, nusu mfuko na kidogo juu. Jaruba liwe limesawazishwa tangu wakati wa kuchavanga tope, maana pakiwa na mwinuko, upande mmoja unakauka na mwingine unazama. Palizi itangulie, la sivyo magugu ndiyo yatakayoshiba. Maji yapunguzwe hadi tope lionekane, urea imwagwe jioni, kisha matoleo ya maji yazibwe ili mvua inayofuata iizamishe mizizini badala ya kuipeleka kwa jirani. Jaruba la mita 20 kwa 20 ni kama sehemu ya kumi ya ekari. Linahitaji kilo mbili na nusu hivi.