Mwanao anataka kusomea miti? Usimvunje moyo

MTOTO akisema anataka kuwa daktari, mzazi hufikiria koti jeupe na hospitali. Lakini upo udaktari mwingine, wa shahada ya uzamivu, ambao maabara yake yaweza kuwa msitu wa Pugu-Kazimzumbwi wilayani Kisarawe.

Wazazi wengi huuliza: “Sasa huko porini atafanya kazi gani?”

Kazi ipo. Misitu ya Pwani iko jirani na Dar es Salaam, jiji linalopikia mkaa. Utafiti wa Antje Ahrends na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kuwa kati ya 1991 na 2005 uharibifu wa misitu ulisogea kutoka jijini kwa kasi iliyofikia kilomita 9 kwa mwaka. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Ukichomwa, kaboni hiyo huenda hewani na kuongeza joto duniani.

Maswali bado ni mengi. Mti upi utastahimili ukame? Msitu uliokatwa hurudi baada ya miaka mingapi? Mtafiti hupima unene wa shina mita 1.3 kutoka ardhini, kisha hurudi kwenye mti uleule mwaka baada ya mwaka. Mninga humsaidia zaidi, kwa kuwa pete zilizo ndani ya shina lake huonyesha miaka ya mvua na ya ukame.

Safari huanzia sekondari. Mhimize mwanao asikimbie Biolojia, Kemia, Jiografia na Hisabati. Baada ya kidato cha sita huja shahada ya kwanza, kwa mfano Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kisha uzamili, ndipo uzamivu, ambao mara nyingi huchukua miaka mitatu au zaidi.

Ada isikutishe mapema. Masomo ya uzamivu mara nyingi hulipiwa na miradi ya utafiti. Mradi wa CCIAM wa mabadiliko ya tabianchi, uliofadhiliwa na Norway kuanzia 2009, ulisomesha Watanzania kwa njia hiyo. Ila anayepiga simu akitaka hela ili “apitishe jina” la mwanao ni tapeli.

Kwa walio Kibaha, Taasisi ya Utafiti wa Misitu, TAFORI, ina kituo huko huko. Mwalimu anaweza kuomba wanafunzi wakatembelee. Mtoto akamwone mtafiti kazini, kisha mzungumze nyumbani.