Mabegani Kutoka Kwihara: Shehena Ilivyohamishwa Bila Gurudumu

Katika karne ya 19, mali iliyowekwa ghalani Unyanyembe, nchi ambayo leo ni mji wa Tabora na viunga vyake, iliondoka kwa njia moja: begani au kichwani mwa mtu. Gari la kukokotwa halikuwepo, na punda walikuwa wachache na hawakudumu. Mwenye mali aliyekosa wapagazi alikaa na mali yake akingoja, hata kama alikuwa tajiri.

Unyanyembe ilikuwa kituo cha kupumzikia na cha kuhifadhia mizigo kwa sababu njia ziligawanyika hapo. Moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na nyingine ikashuka kusini. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Kazeh, sehemu ya Unyanyembe, tarehe 7 Novemba mwaka huohuo. Wapagazi wao Wanyamwezi walipofika walikuwa wamefika kwao. Walitua mizigo, wakatawanyika kwenda vijijini. Tangu hapo mwenye msafara alipaswa kuweka mali yake mahali salama hadi apate watu wapya.

Mahali pa kuiweka palikuwa tembe, nyumba ya udongo yenye paa la bapa na kuta nene, vyumba vyake vikiuzunguka ua. Tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ndilo linalojulikana zaidi. Mwandishi wa habari Stanley alilifikia mwezi Juni 1871, na humo zikawekwa bidhaa zilizotumwa kutoka Unguja kwa ajili ya mmisionari na mpelelezi Livingstone, ambaye wakati huo alikuwa mbali upande wa magharibi. Livingstone aliporudi Ujiji alikuta mali yake nyingine imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Tarehe 18 Februari 1872 yeye na Stanley waliingia Kwihara, na shehena iliyokuwa ghalani ikafunguliwa. Stanley aliondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi. Livingstone akabaki miezi mitano, ana nguo, shanga na vyakula, lakini hana wa kuvibeba. Aliondoka tarehe 25 Agosti, baada ya kupokea wapagazi 57 ambao Stanley aliwaajiri pwani na kumpelekea.

Kukosekana kwa magurudumu kulikuwa na sababu kubwa mbili. Ya kwanza ni mbung'o, ambaye watu wengi humwita ndorobo. Mdudu huyu hueneza nagana, ugonjwa unaoua ng'ombe, farasi na punda, na misitu ya miombo aliyokaa ilitapakaa kati ya pwani na Unyanyembe. Ya pili ni njia yenyewe. Ilikuwa ya mguu, ya kupita mtu mmoja nyuma ya mwenzake, ikizunguka visiki na kukata mito isiyo na madaraja.

Majaribio ya kubadili hali hiyo yalishindwa moja baada ya jingine. Mwaka 1871 Stanley aliunda Unguja kigari chembamba cha kubebea masanduku ya risasi, akiamini kwamba punda angekokota mara mbili ya anachobeba mgongoni. Baada ya kuondoka Bagamoyo, mpagazi mmoja mwenye nguvu alionekana akija amekibeba kichwani, magurudumu na yote, kwa kuwa aliona kukibeba ni rahisi kuliko kukivuta. Kigari kikasukumwa kwenye matete, kikaachwa humo. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu magari ya maksai kutokea Saadani, lakini mbung'o wakawamaliza maksai. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alileta tembo wanne kutoka India, wakateremshwa Msasani. Wengi wao walikufa safarini.

Kwa hiyo ufundi wote uliegemea mzigo. Shehena iligawanywa mpaka kila kipande kikatoshana na mtu, na kipimo cha kawaida kilikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Nguo za merikani na kaniki zilikunjwa, zikabanwa, zikafungwa robota refu lililoitwa mtumba, neno ambalo leo limebaki kwenye nguo kuukuu zinazouzwa sokoni. Robota lilizungushiwa mkeka na kukazwa kwa kamba na fito. Fito hizo ziliachwa zitokeze upande mmoja, ili mpagazi anapopumzika auegemeze mzigo kwenye mti bila kuulaza chini, kisha auingie tena kwa bega bila kusaidiwa. Shanga zilitiwa kwenye mifuko mirefu. Waya wa shaba ulizungushwa duara na kufungwa kwenye ncha za mti uliowekwa begani. Masanduku yalikwenda kichwani juu ya ngata. Pembe kubwa ya ndovu ilining'inizwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili.

Baada ya mizigo ilifuata kazi ya kupata watu. Wanyamwezi waliifanya kazi hii kwa hiari na kwa fahari, na kijana aliyewahi kufika pwani alihesabiwa kuwa mtu mzima. Lakini walikuwa pia wakulima. Mvua zilipokaribia walitaka kuwa shambani, na ujira mkubwa haukutosha kuwazuia wengi wao. Ujira ulijadiliwa kwa nguo, na posho ilikuwa juu ya mwenye msafara, kwa kawaida kibaba cha nafaka kwa kila mtu kwa siku au nguo ya kununulia chakula.

Safari ilianza alfajiri. Kiongozi wa njia, kirangozi, alitangulia na bendera, ngoma ikalia, na mstari ukamfuata. Mwendo ulikuwa wa saa chache, ili watu wafike kambini kabla jua halijawa kali. Mbele kulipokuwa hakuna maji, msafara ulifanya tirikeza: uliondoka mchana, ukalala nyikani pasipo maji, ukafika kisimani asubuhi ya pili. Kambini mizigo ilipangwa pamoja na kulindwa, vibanda vya matawi vikajengwa, na boma la miiba likazungushwa.

Uzito haukuwa kikwazo pekee. Watawala wa njiani walidai hongo, yaani ushuru wa kupita, na Ugogo ilisifika kwa hilo. Huko ndiko ilikokuwa Kanyenye, nchi ya mtawala Magomba, ambako misafara ilisimama kulipa kabla ya kuendelea kuelekea Unyanyembe. Vita nayo ilifunga njia. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya moja kwa moja ya Ujiji haikupitika, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Mtoni Malagarasi mizigo ilivushwa kwa mitumbwi, na wavushaji walilipwa.

Kanuni ya kugawanya ilifanya kazi hata kwa chombo cha majini. Mashua ya Stanley, Lady Alice, iliundwa Uingereza kwa vipande, ikabebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874, na Machi 1875 ikaelea katika Ziwa Viktoria. Meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ni MV Liemba, ilifunguliwa vipande Ujerumani, ikapakiwa katika maelfu ya masanduku na kuunganishwa tena Kigoma, ikashushwa katika Ziwa Tanganyika Februari 1915. Kufikia hapo mabega yalikuwa yamepokewa na reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Kazi ngumu kuliko zote ilipita Kwihara mwaka 1873. Livingstone alifariki mwezi Mei katika kijiji cha Chitambo, ambacho sasa kiko Zambia. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba hadi Unyanyembe, wakafika mwezi Oktoba. Mbele ya hapo, wenyeji wa Kasekera walipokataa maiti kupita, waliufunga upya ukafanana na mtumba wa nguo, ukavushwa kama mzigo mwingine wowote. Ulifika pwani Februari 1874 na kuzikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili.

Leo malori hupita walikopita wapagazi. Tembe la Kwihara ni makumbusho yanayobeba jina la Livingstone. Wapagazi waliolijaza ghala lile na kuiondoa mizigo yake ni wengi mno, na wengi wao hawakuandikwa popote. Hata hivyo biashara yote ya njia hii, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ilisimama juu ya mabega yao, na historia ya Tabora haijakamilika pasipo wao.