Bolivia: Nchi ya Madini Isiyo na Pwani

Katika Amerika ya Kusini iko nchi iitwayo Bolivia. Ukubwa wake wakaribia mara mbili ya Kenya, lakini watu wake hawafiki milioni 12. Upande wa magharibi ni milima ya Andes na uwanda wa juu wenye baridi kali. Upande wa mashariki ni nchi ya chini yenye joto na misitu. Mji wa La Paz, makao ya Serikali, uko juu kiasi cha mita 3,600, hata mgeni afikapo huona taabu kuvuta pumzi.

Wenyeji wa milimani, hasa Waquechua na Waaymara, hulima viazi na kufuga kondoo na lama. Viazi huachwa nje usiku vigande kwa baridi, kisha hukanyagwa vitoke maji na kuanikwa juani. Hivyo huweza kuwekwa miaka mingi bila kuoza. Katika nchi ya chini, karibu na Santa Cruz, hupatikana soya, miwa na ng'ombe wa nyama.

Lakini Bolivia yajulikana zaidi kwa madini. Mwaka 1545 fedha ilionekana katika mlima wa Potosí. Wahispania waliwalazimisha wenyeji kuichimba kwa zamu. Wengi walikufa, na mali yenyewe ikapelekwa Ulaya. Baadaye ikafuata bati. Migodi mikubwa ya bati ilikuwa mikononi mwa matajiri watatu, mpaka Serikali ilipoitwaa mwaka 1952. Bei ilipoanguka mwaka 1985, wachimbaji zaidi ya 20,000 walipoteza kazi. Gesi ikashika nafasi ya bati, nayo tangu mwaka 2014 imekuwa ikipungua.

Shida nyingine ni njia. Katika vita vilivyoanza mwaka 1879 Bolivia ilinyang'anywa pwani yake na Chile, na tangu hapo mizigo yake hupitia bandari za majirani.

Sasa macho ya watu yameelekea bonde la chumvi la Uyuni, ambalo ndani yake imo lithiamu nyingi sana, madini yatumiwayo kutengenezea betri za motakaa. Mwaka 2023 Serikali ilifungua kiwanda huko, ili madini hayo yasafishwe nchini kabla ya kuuzwa. Wananchi wa Bolivia wamekwisha kuona fedha na bati vikiondoka na kuwaacha maskini. Wangojea kuona kama safari hii faida itabaki kwao.