Dawa Moja, Wadi Mbili: Utangulizi wa Tiba Lengwa za Kibiolojia

Mwaka 1997 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha rituximab kwa wagonjwa wa limfoma, saratani ya seli za kinga. Mwaka 2006 dawa hiyohiyo ikaidhinishwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi, watu wasio na saratani yoyote, ila viungo vyao huvimba na kuuma hadi vidole vinapinda. Tangu hapo muuguzi wa wadi ya saratani na mwenzake wa kliniki ya viungo wanaweza kutundika dripu ya dawa ileile. Imekuwaje? Kitabu hiki kimezaliwa na swali hilo, nami nakukaribisha, msomaji, tulijibu pamoja.

Jibu linaanzia kwenye seli B, chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Juu ya utando wake ipo protini iitwayo CD20. Rituximab huishika protini hiyo, na seli iliyoshikwa huondolewa na mwili. Katika limfoma, seli B zimezaliana bila kikomo. Katika baridi yabisi, seli B huchangia kuichochea kinga ishambulie viungo vya mwenyewe. Magonjwa ni mawili, mhusika ni mmoja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa methali hiyo inafaa kotekote: saratani ni seli zetu zilizoasi, na magonjwa mengi ya mchochota (uvimbe na maumivu yanayochochewa na kinga) ni kinga yetu iliyotugeukia. Ndiyo sababu sikuyatenga katika vitabu viwili.

Rituximab yenyewe ni kingamwili, ila imetengenezwa kiwandani. Njia ya kuitengeneza ilifunguliwa Cambridge mwaka 1975. Georges Köhler na César Milstein walichukua seli ya wengu la panya, ambayo hutengeneza kingamwili lakini hufa upesi maabarani, wakaiunganisha na seli ya saratani, ambayo haichoki kugawanyika. Kizazi kilichopatikana kilirithi ujuzi wa mmoja na uhai wa mwingine, kikatoa kingamwili ya aina moja tu, kwa wingi, inayolenga shabaha moja. Mwaka 1984 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Ukikutana na jina la dawa linaloishia kwa herufi -mab, usilihofu: ni uzao wa jaribio lile. Kingamwili za panya zilikuwa zikikataliwa na miili ya binadamu, basi watafiti wakazibadilisha hatua kwa hatua, hadi adalimumab, iliyoidhinishwa mwaka 2002, ambayo ilifuata muundo wa kibinadamu kikamilifu.

Tofauti na tibakemikali, ambayo hupiga kila seli inayogawanyika haraka, zikiwemo za nywele na utumbo, tiba hizi hutafuta alama. Trastuzumab, ya mwaka 1998, hufuata HER2, kipokezi kinachojaa kupita kiasi katika takriban asilimia 15 hadi 20 za saratani za matiti. Mgonjwa asiye na alama hiyo atabeba gharama na hatari kwa moyo wake bila kupata faida iliyokusudiwa. Kwa hiyo tiba lengwa huanzia kwa mtaalamu wa patholojia anayepima kipande cha uvimbe, kabla daktari hajaandika dawa.

Upande wa mchochota, somo kubwa lilitoka London. Marc Feldmann na Ravinder Maini waligundua kwamba kati ya kemikali nyingi zinazochochea baridi yabisi, moja iitwayo TNF huongoza nyingine. Mwaka 1992, katika hospitali ya Charing Cross, walianza kuwapa wagonjwa kingamwili ya kuizuia, na maumivu na uvimbe vikapungua. Dawa za kundi hilo leo hutibu pia ugonjwa wa Crohn na soriasisi. Lakini TNF haikuwekwa mwilini kwa ajili ya kutuumiza. Ndiyo inayosaidia kuvizingira vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mapafuni. Mwaka 2001 ripoti zilionyesha kwamba baadhi ya waliotumia infliximab, kingamwili ya kuzuia TNF, waliamshiwa kifua kikuu kilichokuwa kimejificha. Kwetu Afrika Mashariki, ambako wengi wanabeba vijidudu hivyo bila kuugua, ukurasa huo usomwe mara mbili.

Saratani nayo ilitufundisha upande wa pili wa sarafu. James Allison na Tasuku Honjo, washindi wa Nobel ya mwaka 2018, walionyesha kwamba seli za kinga zina breki, na kwamba breki hizo zikiachiwa, kinga inaweza kuushambulia uvimbe. Wapo wagonjwa wa melanoma (saratani ya ngozi) iliyosambaa waliopata miaka ambayo hawakuitarajia. Hata hivyo, kinga isiyo na breki huweza kugeukia utumbo na kuuchoma kwa mchochota mkali, na steroidi zikishindwa, daktari hutumia infliximab, dawa ya wadi ya pili, kumwokoa mgonjwa wa wadi ya kwanza. Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha taaluma hii: kujua lini kinga ichochewe, lini itulizwe, na kwa kiasi gani.

Taaluma hii si ngeni kwetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliowapata watoto, na mwaka 1964 sampuli kutoka Uganda ziliwezesha kugunduliwa kwa virusi vya Epstein-Barr. Limfoma hiyo ya Burkitt ina CD20. Jaribio la kimataifa lililochapishwa mwaka 2020 liliongeza rituximab kwenye tibakemikali ya watoto wenye limfoma kali za seli B, nyingi zikiwa za Burkitt: baada ya miaka 3, asilimia 93.9 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala tatizo jingine kubwa, dhidi ya 82.3 ya waliopata tibakemikali pekee.

Safari kutoka wadi moja kwenda nyingine inaendelea. Mbinu ya kuzifundisha upya seli T (chembe nyingine za kinga) za mgonjwa, iliyoidhinishwa mwaka 2017 kwa saratani ya damu ya watoto, ilijaribiwa Erlangen, Ujerumani, kwa wagonjwa watano wa lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wake. Ripoti ya mwaka 2022 ilisema kwamba kwa wote watano ugonjwa ulitulia na wakaacha dawa zao. Watano ni wachache, lakini swali walilolifungua ni pana.

Shirika la Afya Duniani liliziingiza rituximab na trastuzumab katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na adalimumab mwaka 2019. Kuwa kwenye orodha si kuwa kwenye friji ya hospitali. Dawa hizi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, huhitaji maabara ya kupima alama, na bei yake bado inawalemea wengi. Sura ya mwisho inahusu mambo hayo, na si nyongeza.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu mgonjwa wetu ataelezwa tiba hii kwa Kiswahili. Usomapo kila sura, jiulize: dawa inashika nini, nani anacho, na kitu hicho kilikuwa kikitulinda dhidi ya nini? Swali la tatu ndilo linalomfanya muuguzi, kabla ya sindano ya kwanza ya kuzuia TNF, amuulize mgonjwa kama amewahi kuishi na mtu mwenye kifua kikuu.