Seli Moja Kati ya 10,000

Aliyewahi kumsindikiza ndugu yake kliniki ya VVU anaikumbuka CD4. Ilikuwa hesabu ya seli za kinga zenye alama hiyo, namba ya kusubiriwa kwa hofu: ikipanda nyumba nzima inapumua, ikishuka hakuna anayelala. Ambacho wengi hawakuambiwa ni kwamba CD4 ni moja tu katika orodha ndefu ya alama, yaani protini zilizo juu ya utando wa seli za damu. Wanasayansi walianza kuzipanga kwa namba mwaka 1982, katika mkutano uliofanyika Paris. Orodha hiyo hiyo ndiyo inayotazamwa leo kuamua mtoto mwenye saratani ya damu atibiwe vipi.

Saratani ya damu inayowapata watoto zaidi huanzia kwenye uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Homa haiishi, mtoto anapauka, anapata michubuko bila kuanguka, analia miguu inamuuma. Mara nyingi hutibiwa malaria kwanza. Zamani, seli za ugonjwa huu zilipowekwa chini ya hadubini, zilionekana karibu sawa kwa watoto wote. Lakini watoto wawili wakipewa dawa zile zile, mmoja alipona na wa pili ugonjwa ulimrudia. Kwa nini?

Jibu la kwanza lilisaidiwa na kondoo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti walichanganya seli za wagonjwa na chembe nyekundu za damu ya kondoo. Kwa watoto wengi halikutokea jambo. Kwa wachache, zile chembe nyekundu ziliizunguka seli ya saratani na kuing'ang'ania pande zote, kama petali za ua. Seli hizo zilikuwa na kishikio ambacho sasa tunakiita CD2, na zilikuwa za jamii ya T, mojawapo ya jamii za seli nyeupe za kinga. Mwaka 1975 mtafiti Mel Greaves na wenzake huko London walieleza alama nyingine, ambayo leo ni CD10, waliyoinasa kwa kingamwili za sungura. Ikatokea kwamba watoto wenye CD10, wengi wao wa miaka 2 hadi 5, walikuwa wakipona zaidi kuliko wale wa T.

Hapa ndipo wazazi wengi huelewa vibaya, na siwalaumu. Wakisikia alama fulani ni mbaya, wanaisikia kama hukumu. Wakati ule mtoto wa T kweli alikuwa na hali ngumu. Madaktari walipojua ni yupi, wakampa matibabu makali zaidi tangu mwanzo, na pengo kati yake na wenzake likapungua sana. Alama ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni dawa. Vivyo hivyo kwa vichanga wasiofikisha mwaka, ambao seli zao kwa kawaida hazina CD10 na ambao kwa miongo mingi walikuwa wagumu mno kutibika. Seli hizo zina CD19, alama ya jamii nyingine ya seli za kinga, jamii ya B. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, vichanga 30 waliongezewa blinatumomab, dawa inayoishika CD19 na kuisogeza karibu na seli za kinga zenyewe za mtoto. Baada ya miaka 2, zaidi ya 9 kati ya kila 10 walikuwa hai. Kabla yake, kwa tiba ya kawaida, walikuwa kama 2 kati ya 3.

Lakini kwangu mimi, kazi kubwa kuliko zote ya alama hizi huja baada ya matibabu kuanza. Siku mtoto anapogunduliwa, mwili wake unaweza kuwa na seli za saratani zipatazo trilioni moja. Baada ya mwezi wa dawa anacheza, anakula, mashavu yamerudi. Hadubini haioni kitu, kwa sababu kwa jicho, hata seli moja kati ya 20 inaweza kupita bila kutiliwa shaka. Seli bilioni kadhaa zinaweza kuwa bado zimo.

Ndipo uboho unavutwa tena kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga. Kingamwili zenye rangi inayong'aa huzishika alama, kisha seli hupitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza. Seli ya saratani hujitambulisha kwa mchanganyiko wa alama ambao seli yenye afya haina, na mashine huweza kuiona hata ikiwa moja kati ya 10,000. Matokeo haya hubashiri mwelekeo wa ugonjwa kuliko karibu kipimo kingine chochote. Mashine nyingi ndogo za CD4 zilizosambazwa kwetu haziwezi kazi hii. Inahitaji rangi nyingi kwa pamoja na jicho la mtaalamu.

Kipimo kiwepo au kisiwepo, seli zilizojificha zipo. Ndiyo maana matibabu huendelea kwa miaka 2 hadi 3, mengi yakiwa vidonge vya nyumbani, kwa mtoto ambaye jirani akimtazama anauliza anameza dawa za nini. Familia nyingi huacha hapo, nauli imekwisha na mtoto anaonekana mzima. Daktari akisema ugonjwa umetulia, muulize: ni wa jamii ya B au T? Seli zilizobaki zimepimwaje? Vidonge vinaisha mwezi gani?