Kabla Ng'ombe Hawajageuka Pikapu: Jinsi ya Kuchagua 4x4 Iliyotumika kwa Kazi ya Ranchi

Kwa wafugaji wengi wa Kajiado, Narok na Laikipia, gari hainunuliwi kwa mshahara. Inanunuliwa kwa ng'ombe. Unapeleka madume kadhaa sokoni, pesa inaingia, na baada ya siku chache karibu yote inaenda kwa mtu ambaye pengine mmejuana wiki hiyo hiyo. Gari ikikataa, hujapoteza pesa tu. Umepoteza mifugo iliyochukua miaka kukua, na maji bado hayajafika malishoni.

Sisi kazi yetu ni pesa za simu, hatuuzi magari. Lakini tunajua jambo moja: kurudisha pesa iliyotumwa ni vigumu kuliko kuizuia isitoke. Kwa hivyo ushauri wetu wote hapa unasimama kwenye kanuni moja. Gari ijithibitishe mara mbili kabla pesa kubwa haijatoka: kwanza kwenye udongo, halafu kwenye karatasi.

Anza na kazi, si na gari

Kabla hujaanza kupiga simu kwa mabroka, andika kazi ambazo gari itafanya kwa wiki moja. Kama ni kuzunguka tu kuangalia ua na mifugo, pikipiki inaweza kutosha. Suzuki ndogo ya 4x4 kama Maruti Gypsy pia hupita pazuri kwenye njia mbaya, na ina injini ya petroli ya lita 1.3 tu. Lakini haibebi mzigo wa maana.

Mzigo ndio hudanganya watu wengi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, hata kabla hujahesabu tangi lenyewe na watu walio ndani ya gari. Marobota 60 ya nyasi, kila moja kilo 15, ni kilo 900. Huo ni mzigo wa karibu pikapu nzima ya kawaida. Uliza gari imeidhinishwa kubeba kilo ngapi, kisha linganisha na orodha yako. Kama utabeba maji kila siku, pikapu ya kabini moja yenye sehemu ndefu ya mizigo itakufaa kuliko ile ya kabini mbili inayopendeza macho.

Swali la pili: nani ataitengeneza? Hilux na Isuzu D-Max ziko nyingi nchini, na spea zake si shida kupata. Land Cruiser pikapu ya zamani yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2 haina turbo, na pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta. Ndiyo maana mafundi wengi wa mashambani wanaimudu. Bei yake nayo hukataa kushuka.

Injini mpya za dizeli zina nguvu na hutumia mafuta vizuri, lakini injekta zake hazivumilii dizeli chafu. Kama ranchi yako huweka dizeli kwenye madramu, ambako maji na vumbi huingia, hilo lifikirie mapema. Seti ya injekta inaweza kukugharimu ng'ombe mwingine.

Nenda asubuhi, injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Kama ina joto, jiulize kwa nini. Injini ya dizeli iliyochoka huwaka vizuri ikiwa na joto na kusumbua ikiwa baridi, na wewe unataka kuona ile ya baridi.

Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Mlipe siku yake hata kama gari hutainunua, ili asishawishike kusema iko poa ndiyo apate chochote. Angalieni haya:

• Maji na oili. Kabla injini haijawashwa, fungua rejeta. Ukiona mafuta yanaelea juu ya maji, au oili ya injini imekuwa kama chai ya maziwa, maji na oili vinakutana ndani. Rudi nyumbani.

• Moshi. Wa bluu unamaanisha injini inakula oili. Mweupe usioisha hata injini ikipata joto unaweza kumaanisha maji yanaingia kwenye silinda. Mweusi mzito unaelekeza kwenye injekta au hewa iliyozibwa.

• Kifuniko cha oili. Kifungue injini ikiwa inanguruma. Moshi ukitoka kwa kusukumwa kama wa jiko, ringi zimekwisha.

• Vumbi. Hili ni la ranchi hasa. Toa kichujio cha hewa, kisha pitisha kidole ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini. Vumbi likiwa upande huo wa kichujio, injini imekuwa ikimeza mchanga.

• Chasi. Lala chini ya gari na tochi. Tafuta kutu nzito, nyufa na mahali pamechomelewa. Rangi mpya nyeusi chini ya gari kuukuu ina kitu inaficha. Angalia pia springi za nyuma kama kuna jani limekatika.

• Matairi. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni zinaonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado liwe zee.

Kilomita za kwenye dashibodi usiziamini peke yake. Linganisha na pedali, usukani na kiti. Tena, gari ya ranchi hufanya kazi masaa mengi kwa mwendo wa pole, kwa hivyo kilomita chache hazimaanishi injini haijachoka.

4x4 hujaribiwa kwenye udongo

Taa ya 4x4 ikiwaka kwenye dashibodi haithibitishi kwamba magurudumu ya mbele yanavuta. Na usikubali kuijaribu kwenye lami kavu. Pikapu nyingi za aina hii, zikiwekwa 4x4, hufunga ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja. Kwenye lami kavu mfumo hujibana na unaweza kuharibika.

Tafuta mahali pa udongo laini au kimlima cha changarawe. Kama magurudumu ya mbele yana vizibo vya kuzungusha kwa mkono, hakikisha vinaingia kwenye LOCK bila kulazimishwa. Weka H4, panda pole pole, na fundi asimame kando aangalie kama magurudumu ya mbele yanachimba. Kisha simama, weka L4, upande tena. Sikiliza kelele ya difu na shafti. Gia ikiruka au L4 ikikataa kuingia, umepata ama sababu ya kupunguza bei sana ama sababu ya kuondoka.

Ukiweza kusubiri, nunua wakati wa mvua. Kati ya Machi na Mei, au Oktoba na Desemba, ule udongo mweusi unaonata utakuambia ukweli kuhusu gari ndani ya dakika kumi.

Sasa karatasi

Gari ikipita kwenye udongo, usitume pesa bado. Fanya utafutaji wa rekodi za gari kwenye huduma za NTSA kupitia eCitizen. Ada unailipa kwa simu. Linganisha jina la mmiliki na kitambulisho cha anayekuuzia. Linganisha namba ya chasi na ile iliyochongwa kwenye chasi yenyewe, si kwenye kibandiko peke yake. Fanya hivyo na namba ya injini pia.

Kama logibuku ina jina la benki au mkopeshaji pamoja na la muuzaji, gari hiyo bado ina mwenyewe mwingine. Deni lilipwe na mkopeshaji aondoe jina lake kwanza. Tangu sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, kuna pia sajili ya dhamana ambako unaweza kuangalia kama gari imewekwa rehani. Na kama mwenye jina amefariki, mtoto au mjane wake hawezi kukuuzia kihalali bila kuidhinishwa kisheria kusimamia mirathi, hata kama ni watu waaminifu kabisa.

Andikeni mkataba wenye bei, tarehe, namba za gari, nakala za vitambulisho na PIN za KRA, pamoja na mashahidi. Muuzaji ndiye huanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake, wewe unakubali kwenye yako. Usikubali maneno ya "tutahamisha baadaye." Sheria ya Trafiki inataka gari isitumike barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa bila mmiliki mpya kusajiliwa.

Pesa itoke kwa hatua

Tuseme mmekubaliana Sh1,600,000. Hivi ndivyo tungependa uilipe:

1. Usitume shilingi kwa gari ambayo hujaiona. "Kuna mteja mwingine anakuja jioni na pesa" ni maneno ya kukuharakisha. Mwache aje.

2. Amana iwe ndogo, kwa jina la kwenye logibuku. Kabla ya kuweka PIN yako, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama ni la broka, la "mke wangu" au la mtu usiyemjua, simama hapo. Weka kwenye mkataba kwamba amana inarudi kama karatasi zina shida.

3. Salio lipite benki. Kiwango cha juu cha pesa za simu ni Sh250,000 kwa muamala mmoja, na akaunti haishiki zaidi ya Sh500,000. Kuilipa bei yote kwa simu kutachukua siku kadhaa, na katikati utabaki huna pesa wala gari. Kiasi kinachozidi milioni moja hupita benki kwa njia ya RTGS. Fanyeni hivyo siku moja na uhamisho wa umiliki, mkiwa mmekaa pamoja.

4. Hifadhi kila ujumbe wa muamala. Nambari ya muamala iandikwe kwenye mkataba. Kama wewe ndiye unayeuza, angalia salio lako mwenyewe. Ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mtu mwingine unaweza kughushiwa.

Watu hutuuliza kama tunaweza kurudisha pesa gari ikiwa mbovu. Ukituma kwa namba isiyo sahihi, tupigie mara moja, na kama pesa bado iko kwa aliyepokea kuna utaratibu wa kuirejesha. Lakini kama ulituma kwa mtu uliyemkusudia, kwa gari uliyoikubali, huo ni mgogoro wa mkataba. Ndiyo maana tunasisitiza mkataba uandikwe.

Usimalize pesa yote kwa bei

Weka kando angalau sehemu moja ya kumi ya bei. Gari iliyotumika inahitaji oili mpya za injini, gia boksi na difu, vichujio, mikanda, na mara nyingi bushi na matairi. Pikapu ya mizigo pia ina ukaguzi wa kila mwaka, kodi ya awali ya KRA, na bima. Hizi unaweza kuzipangia kwa kuweka akiba kidogo kidogo kwenye simu kila unapouza maziwa au mbuzi.

Na kama kwenye udongo au kwenye karatasi jambo moja limekataa kukaa sawa, rudi nyumbani na pesa yako. Pikapu nyingine itapatikana, na ng'ombe wako watakuwa bado hawajaenda bure.