Mama Hafanyi Kazi? Inategemea Anayehesabu

Yeyote apitaye Muthangari asubuhi huwaona akina mama hawa. Wametoka Kawangware kwa miguu na sasa wameketi kando ya barabara, karibu na malango ya nyumba za ghorofa, wakingoja mtu awaite kufua. Wengine huitwa. Wengine huketi hadi jua la saa sita, kisha hurudi nyumbani mikono mitupu.

Je, mama aliyeketi pale anafanya kazi au hafanyi? Usikimbilie kujibu, msomaji.

Kwa kanuni za Shirika la Kazi Duniani, ILO, karani wa takwimu huuliza habari za siku saba zilizopita. Ukiwa umefanya kazi ya malipo au faida, hata kwa saa moja tu, unaandikwa kuwa na ajira. Basi mama aliyefua Jumanne na kukaa bure siku nyingine zote huingia safu moja na meneja wa benki. Aliyetafuta akakosa, naye yuko tayari kuanza, huitwa asiye na ajira, lakini bado yumo katika nguvukazi ya taifa. Jirani yake aliyebaki Kawangware kwa kuwa hana wa kumwachia mtoto mchanga hakutafuta chochote. Huyo huwekwa nje kabisa ya nguvukazi, pamoja na wastaafu.

Sasa tuingie ndani ya lango. Nguo zikifuliwa na kibarua, hiyo ni ajira. Nguo zile zile, beseni lile lile, zikifuliwa na mama mwenye nyumba, si ajira. Mchumi Mwingereza Arthur Pigou alikiona kichekesho hiki zamani: bwana akimwoa mtumishi wake wa nyumbani, pato la taifa linapungua, ingawa sakafu inapigwa deki vile vile.

Wakenya wana sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Julai 1985, wajumbe wa mkutano wa tatu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake walikutana katika jumba la KICC, mwendo mfupi wa matatu kutoka Muthangari. Mikakati waliyopitisha, ambayo hadi leo huitwa kwa jina la Nairobi, ilitaka mchango wa wanawake, hasa ule usiolipwa, upimwe na uonekane katika hesabu za uchumi wa mataifa.

Kenya yenyewe ilikawia. Uchunguzi wa kwanza wa kitaifa wa matumizi ya saa ulifanywa na shirika la takwimu, KNBS, mwaka wa 2021, miaka 36 baadaye. Humo mtu haulizwi kama ana kazi. Huulizwa alivyoitumia siku yake, saa kwa saa. Matokeo: wanawake wa miaka 15 na zaidi walitumia asilimia 18.7 ya siku kwa kazi za nyumbani na malezi bila malipo. Wanaume, asilimia 3.6. Piga hesabu: karibu saa nne na nusu kwa mama, na kwa baba dakika zisizofika hata saa moja. (Akina baba wanaosoma gazeti hili chai ikichemshwa jikoni, samahani.)

Kuna jambo jingine la kuangaliwa na wanafunzi wanaolinganisha takwimu za miaka mbalimbali. Mwaka wa 2013, ILO ilibadili maana ya ajira. Nyanya anayelima mahindi hasa ya kula nyumbani sasa huhesabiwa kuwa anafanya kazi, lakini hana ajira. Kwa kanuni za 1982 angeweza kuwekwa miongoni mwa wenye ajira. Kwa hiyo kiwango cha wanawake katika nguvukazi chaweza kushuka nchini bila hata mmoja wao kuweka jembe chini.

Tena kuna ugonjwa wa zamani wa kujibiwa. Karani akibisha na kumkuta mume peke yake, mume humjibia mkewe: "Huyo hafanyi kazi, yuko tu nyumbani." Hata mama mwenyewe husema hivyo, wakati ndoo ya mandazi anayouza jioni iko nyuma ya mlango. Siku karani atakapofika kwako, mwite mama aje ajijibie, na ndoo ya mandazi itajwe.